Vibao Alivyovitunza Mjomba

Hammersgrund, 9 Oktoba 2022

Falk mwanangu,

Salamu zikufikie wewe, mkeo Annegret na huyo mjukuu wangu Jette asiye na meno ya mbele. Mimi niko kama unavyonijua: magoti yanalalamika, masikio yamekufa, ulimi mzima. Usinipigie simu tena, humo siwezi kusoma midomo. Wiki ile uliniuliza habari za mguu, mimi nikakujibu habari za kuku, na Bi Oelsner wa jirani aliyekuwa ameshika kikombe changu alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mashine za kufuma zilichukua masikio yangu zikaniachia pensheni. Niandikie.

Mjomba wako Siegmar yuko palepale ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya wazee. Anakula vizuri. Siku hizi amebakiwa na neno moja tu, "nu", ile ndiyo yetu ya Saksonia. Umeshiba, Siegmar? Nu. Una njaa? Nu. Wauguzi wanampenda kwa sababu habishi. Mimi niliyechoshwa na ubishi wake maisha yetu yote ya ndoa, sasa nakaa kando ya kitanda nautamani.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Wamelifunga daraja letu la waenda kwa miguu. Wamekuja watu wa ofisi ya wilaya, wakasimamisha uzio wa chuma mrefu kunizidi mimi, huku na ng'ambo, wakatundika tangazo: limefungwa mpaka itakapoamuliwa. Nikamuuliza mmoja wao, itaamuliwa na nani, lini? Akainua mabega. Wanasema wameona ufa penye maungio na maji yanachuruzika, na kibali cha daraja kilikuwa cha muda tu, maana ni zege lenye kitambaa cha kioo mahali pa nondo, na hakuna anayejua kitambaa kinaishi miaka mingapi humo ndani. Hilo la kitambaa halihitaji kuambiwa mimi. Nimekifuma kwa mikono hii, na kiliniwasha mpaka kwenye viwiko.

Unajua wanavyoliita, Shimizi la Traudel. Dukani sasa wananiuliza, "Traudel, shimizi limechanika?" Nacheka nao. Lakini kwa daraja nilikuwa natoka na chupa ya kahawa na kumfikia Siegmar kabla hajaanza kutazama dirishani. Sasa ni basi mpaka mjini, kisha basi jingine kurudi kwa ukingo wa pili, na Jumapili hakuna basi kabisa.

Kazi yako huko Aachen si ndiyo hiyo, kuvunja zege na kusema kama li hai au limekufa? Basi nisaidie.

Shangazi yako,
Traudel


Aachen, 30 Oktoba 2022

Shangazi Traudel,

Barua yako imefika na kutukuta wazima, ila Jette ana kikohozi na Annegret ana mwalimu mkuu mpya shuleni kwake, na sijui lipi linamchosha zaidi. Jette ameniagiza nikuambie jino moja limeanza kuota.

Nisikufiche: kazi ya daraja lenu imeletwa maabara kwetu. Nimemweleza mkuu wangu kwamba nimekulia hapo, akasema vizuri, angalau unajua mto uko upande gani.

Shida yenyewe ni hii. Zege lina ukali kama magadi, na kioo kikikaa humo na unyevu huliwa polepole. Kile ulichokifuma wewe ni kioo cha kustahimili, lakini kustahimili si kutokufa. Huku tunaweka vipande kwenye maji ya moto ili vizeeke haraka, halafu tunabishana mwezi mmoja wa maji ya moto ni sawa na miaka mingapi ya Hammersgrund. Kila mmoja ana jibu lake. Na kulikata daraja lenyewe tulipime hatuwezi, maana unene wake ni vidole vitatu. Ukikata kipande umeliua.

Ndiyo maana vilikuwepo vile vibao vya zege. Unakumbuka, vilimiminwa siku moja na daraja, kwa zege lileile na kitambaa chako kilekile, nikaviacha kwenye bustani yenu kando ya uzio, vipate mvua ileile na theluji ileile. Vya mwanzo vilivunjwa mapema, sita vimebaki. Hivyo na daraja ni watoto wa tumbo moja. Vikiwa vizima, daraja litafunguliwa. Vikiwa vimeoza, basi. Ofisi ya wilaya imekubali hukumu hiyo.

Usiviguse, Shangazi. Viache vilivyo.

Mwanao,
Falk


Hammersgrund, 27 Novemba 2022

Falk mwanangu,

Heri ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nimeweka upinde wa mishumaa dirishani, na ng'ambo wameweka wao kwenye dirisha la Siegmar. Jioni tunatazamana, taa kwa taa. Mwambie Jette asing'oe hilo jino jipya kwa kulichezea. Stollen, keki yetu ya Krismasi, inakuja kwa posta. Nimeongeza zabibu kwa ajili ya Annegret na mwalimu mkuu wake.

Nikusimulie mambo yetu ya hapa. Yule muuguzi Ramona, mnene, mwenye moyo, siku za jua anamleta Siegmar kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye uzio wa ng'ambo. Mimi nakuja na chupa yangu mpaka uzio wa huku. Anamshikisha kikombe, mimi nashika changu, tunainua pamoja. Basi hiyo ndiyo kahawa yetu. Juzi nikamwona anatikisa midomo, Ramona akainama kumsikiliza, kisha akapaza sauti akanielekezea kwa mikono. Nikajua amesema nini. Nu.

Mzee Schubert alipita na mbwa wake akasema, "Nyie wawili mnachumbiana upya?" Nikamwambia, "Ndiyo, na safari hii baba yangu ameweka uzio." Alicheka, na mimi nikaenda zangu nyumbani nikakaa jikoni na koti langu mwilini.

Mwanangu, nikuulize kitu. Mimi ni bibi mmoja, kilo zangu sitini pamoja na keki. Ufunguo wa uzio anao Schubert, na Schubert hawezi kuninyima kitu. Nikivuka peke yangu, taratibu, katikati, pasipo na ufa? Niandikie neno moja tu. Siegmar mwenyewe neno moja linamtosha.

Kuhusu vibao: vipo.

Shangazi yako,
Traudel


Aachen, 8 Januari 2023

Shangazi,

Stollen haikuona mwaka mpya. Annegret anakushukuru kwa zabibu, na Jette amekuchorea wewe na mjomba mmesimama kila mtu upande wake wa mto, katikati samaki mkubwa anawacheka. Nimemwambia asicheke mambo hayo, akaniuliza kwa nini.

Mwenzangu Bwana Pütz atakuja Februari na gari kuchukua vibao. Ni mtu wa Rhine, anaongea sana, kwako haitakuwa shida.

Theluji huku ni kidogo. Mama yake Annegret amevunjika mkono kwenye barafu lakini anaendelea vizuri. Kazini kuna kelele nyingi, siku hizi kila mtu anataka nyuzi za kaboni, kioo wanakiona cha kizamani.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Msalimie mjomba sana. Tafadhali mwambie Schubert ufunguo autunze yeye.

Falk


Hammersgrund, 19 Februari 2023

Falk,

Nimeipata picha ya samaki, nimeibandika juu ya jiko. Bi Oelsner amepata mjukuu wa pili, msichana, wamempa jina la Romy. Kuku mmoja ameacha kutaga, lakini namwelewa. Siegmar alikuwa na homa, imeshuka. Theluji bado ipo kwenye vivuli.

Bwana Pütz amekuja. Umesema anaongea sana, na kweli. Amenieleza maisha ya shemeji yake yote akiwa amebeba zege. Vibao sita vyote amechukua, amevifunga kwa plastiki kama watoto wachanga. Akaniuliza, "Bibi, vimekaa hapa kwenye uzio muda wote?" Nikamwambia, kaa kwanza ule keki, Eierschecke haingoji mtu. Akala vipande vitatu.

Macho yangu yamechoka leo. Wasalimie.

Traudel


Aachen, 26 Machi 2023

Shangazi mpendwa,

Wote wazima. Jette ana meno mawili sasa na anauma kila kitu kuhakikisha.

Tumevivunja vibao, vitano kati ya sita. Sijui nianzeje. Ni vizima. Kitambaa kimeshika kana kwamba umekitoa mashineni jana. Vilipinda, vikatoa nyufa nyembamba nyingi, vikakataa kukatika mpaka tukasukuma kupita kiasi. Pütz alipiga makofi. Ofisi ya wilaya walinipigia simu siku hiyohiyo, wanataka karatasi yenye sahihi yangu ili waondoe uzio baada ya Pasaka, na meya ameshaagiza bendi ya wachimba madini ije na tarumbeta zake.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Annegret nitakuandikia usiku huohuo. Sikuandika. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa.

Shangazi, vibao vile havina kuvu. Havina hata ukijani kwenye kingo. Nimekua kwenye bustani ile. Najua ndoo ikisahauliwa kando ya uzio mwaka mmoja inavyokuwa, na hivi vimekaa kumi na tano. Na tulipovivunja, Pütz alisema vinanuka viazi. Alikuwa anatania. Mimi niliinama nikanusa, nikajua ni harufu ya chumba chenu cha chini.

Nakuuliza waziwazi, na naomba unijibu hivyohivyo. Wakati wa baridi vilikuwa nje?

Sijatia sahihi.

Falk


Aachen, 20 Aprili 2023

Shangazi,

Pasaka imepita bila barua yako. Nimempigia Bi Oelsner, amesema u mzima na unapanda vitunguu, basi nimeshukuru.

Ofisi ya wilaya wanapiga simu kila Jumatatu. Nawaambia bado tunahakiki. Nikitia sahihi, unamnywesha mjomba kahawa Jumapili ijayo. Kalamu iko hapa mezani. Sina nguvu ya kuishika wala ya kuitupa.

Niandikie lolote.

Falk


Hammersgrund, 15 Mei 2023

Falk mwanangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Nilikuwa naandika barua hii kila siku nikiwa naosha vyombo, na vyombo vikiisha barua inaisha pia. Siegmar amekonda. Hanywi tena kahawa kwenye uzio, anakishika kikombe tu. Ramona anasema moyo umechoka.

Leo ni siku ya Sofia Baridi, wa mwisho wa wale watakatifu wa barafu. Tangu leo hakuna tena baridi ya kuua mimea, ndiyo siku ya kutoa maua ya dalia nje. Nimezitoa mwenyewe, mzizi mmoja mmoja, na nilipofika kwenye rafu ya juu, pale palipo patupu, nikajua lazima nikuambie.

Mjomba wako alikuwa hivi. Umande wa kwanza ukiganda tu, anachimba dalia zake, anazifunga kwenye magazeti, anazishusha chumba cha chini kwenye sanduku la mchanga. Akimaliza dalia, anarudi kwenye uzio anachukua vibao vyako. Kimoja kimoja, amekikumbatia, maana ni vizito. Anavipanga rafu ya juu, juu ya viazi, anavifunika blanketi la kijivu. Sofia Baridi ikifika anavitoa tena vipate jua, na kabla hajaviweka anavipangusa kwa kitambaa. Miaka nenda miaka rudi. Mimi nilimwambia, "Siegmar, hilo ni jiwe." Akanijibu, "Falk alisema nivitunze. Nikimwachia mtoto wa watu vitu vyake kwenye theluji nitamtazamaje usoni?" Ulisema hivyo, mwanangu, ulipokuwa unapanda gari la kwenda stesheni: mjomba, vitunze. Nilikuwepo.

Sikujua kama ni vibaya. Kweli sikujua, mpaka uliponiandikia ile Oktoba, mvua ileile na theluji ileile. Vilikuwa ndani. Tangu alipopelekwa ng'ambo vilikuwa chini humo mfululizo, sikuwa na nguvu ya kuvipandisha. Uliniambia nisiviguse. Nilivitoa, Falk. Kwa toroli, kimoja kila siku, nikavirudisha kwenye uzio, na nikavimwagia maji ya matope ili vifanane. Matope yalioshwa na mvua ya kwanza. Vilikuwa safi mno.

Nilitaka daraja lifunguliwe. Sina maneno mengine. Anakwisha, na mimi nipo huku nainua kikombe.

Nilikuwa tayari kuanguka nalo mimi mwenyewe. Nikifikiria hivyo naweza hata kulala. Lakini Bi Oelsner atapita na kigari cha Romy, na kikundi cha watoto wa chekechea hupita wameshikana kamba, na hao hawakufuma kitu wala hawana mume ng'ambo.

Nimejaribu kumuuliza mwenyewe. Nilipanda mabasi yote mawili, nikamshika mkono. Siegmar, ulikuwa unaviingiza ndani kila mwaka? Nu. Hakuna mwaka hata mmoja uliviacha nje? Nu. Kuna mwaka uliviacha nje? Nu. Akanitazama vizuri sana, kama mtu aliyejibu mtihani wote. Kwa hiyo huenda kuna miaka aliyosahau, na huenda hakuna, na hapa duniani anayejua ni yeye tu.

Usitie sahihi.

Shangazi yako


Aachen, 4 Juni 2023

Shangazi mpendwa,

Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za maabara, nikaisoma tena nyumbani, Annegret akaisoma na akalia. Hajakulaumu hata kidogo. Mimi pia sikulaumu.

Sikutia sahihi. Nimewaandikia ofisi ya wilaya kwamba vibao vilihifadhiwa ndani kwa bahati mbaya, kwa hiyo ushahidi wake haufai. Jina lako halimo, wala la mjomba. Walinijibu haraka kuliko siku zote. Daraja litabomolewa Septemba. Hawataki tena kulipia kungoja.

Niliwaambia kwamba kutokujua si sawa na ubovu. Kitambaa chako huenda kimedhoofika, huenda hakijadhoofika. Yule wa ofisi alinijibu kwa upole, "Bwana Uhlig, ungempitisha mtoto wako hapo?" Nilikaa kimya, na kimya changu akakiandika.

Neno lilikuwa langu, Shangazi. Nilimwambia avitunze. Ilipaswa niseme: mjomba, viache viteseke, vinyeshewe, vigande, usivionee huruma, hiyo ndiyo kazi yake. Mtu gani anamwambia mzee Siegmar maneno kama hayo? Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka ya treni, nikasema kile watu wanachosema.

Nitakuja Julai na Jette. Nitakuendesha ng'ambo kila siku, hata mara mbili kwa siku.

Falk


Hammersgrund, 2 Julai 2023

Falk,

Mlipokuja kwenye mazishi nilisema kidogo, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu na sikusikia hata mmoja. Sasa wameondoka na naweza kukuandikia ilivyokuwa.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nachuma maharage. Bi Oelsner akaja mbio akanivuta mkono mpaka mtoni, nikamwona Ramona kwenye uzio wa ng'ambo, peke yake bila kiti, anapunga taulo jeupe. Alikuwa amepiga simu kwangu, na mimi na simu unatujua. Nikaelewa kabla hajaanza kuonyesha kwa mikono.

Schubert alikuwa kwa binti yake Zwickau, na ufunguo mfukoni, maana nilimwambia autunze kama ulivyoniagiza. Nilijaribu kuupanda uzio, Falk. Mzee wa miaka sabini na minane amening'inia kwenye chuma na sidiria yake imenaswa. Bi Oelsner alinishusha. Daraja lilikuwa mbele yangu, limenyooka, kavu, limepigwa jua. Ningeweza kuhesabu mishono yake kichwani.

Tulikwenda kwa barabara kwa miguu mpaka mtu mmoja wa mbali akasimamisha gari lake. Nilipofika, Ramona alikuwa ameshafungua dirisha ili roho itoke. Mikono ya Siegmar ilikuwa bado na joto. Ramona ananiambia alimwuliza, "Traudel anakuja, Siegmar, utamngoja?" Akasema nu. Mimi nalijua neno hilo lilivyokuwa siku hizo za mwisho, lakini nimelichukua.

Nakulaumu Jumapili tu. Siku nyingine hapana. Nilikuomba neno moja na wewe hukuniandikia ndiyo wala hapana.

Jette amesahau soksi zake hapa. Nimezifua.

Traudel


Aachen, 19 Novemba 2023

Shangazi,

Salamu kutoka kwetu wote. Jette anasoma sasa, anasoma kila kitu kwa sauti, hata chupa za dawa. Annegret amemzoea mwalimu mkuu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naishia kwenye habari za nyumbani.

Vipande vya daraja vililetwa Oktoba kwa lori mbili. Nilitaka Pütz avivunje bila mimi, kisha nikaona haifai, nikavivunja mwenyewe. Ulisema kwenye mazishi nikijua nikuambie, hata kama ni vibaya. Basi nakuambia.

Kitambaa kilikuwa kimepoteza karibu theluthi ya nguvu yake, zaidi penye ufa. Theluthi mbili zilibaki. Na zilikuwa zinatosha. Lile daraja lingembeba meya na bendi nzima ya wachimba madini wakicheza juu yake. Lingebeba kigari cha Romy na kamba nzima ya watoto. Kwa miaka mingapi zaidi, hilo hatujui hata sasa, lakini kwa mwaka huu uliopita, ndiyo. Kwa bibi mmoja wa kilo sitini sikuhitaji hata mashine. Nilijua Novemba ile uliponiuliza. Nilijua, na sikuweza kuandika, kwa sababu mtu wa kazi yangu akiandika ndiyo, inakuwa ndiyo ya kila mtu.

Hilo ndilo swali lako la mwisho nililokuambia nimelisoma. Jibu lilikuwa ndiyo. Limechelewa na halikusaidii kitu, wala mimi halinisaidii.

Kibao cha sita sikukivunja. Hakuna anayekihitaji tena, ushahidi wake umefutwa. Pütz amekifunga vizuri, kinakuja kwa gari la mizigo. Ni cha mjomba.

Falk


Hammersgrund, 17 Desemba 2023

Falk mwanangu,

Salamu za Majilio. Upinde wa mishumaa nimeuwasha, na ng'ambo Ramona bado anawasha ule wa dirisha la Siegmar ingawa kitandani yuko mtu mwingine, mzee mmoja wa Flöha, mbishi sana. Stollen imetumwa. Msinitumie picha nyingine ya samaki. Nataka nisomewe kitu na Jette, kwa sauti ya juu kabisa, mkija.

Barua yako niliisoma nikalia siku nzima, kisha nikaenda kulisha kuku. Sikujua nalia kwa nini zaidi, kwa kuwa daraja lilikuwa zima au kwa kuwa ni mimi niliyelifuma zima hivyo. Theluthi mbili. Mashine zile zilitufanya viziwi, lakini angalau hazikuwa zinadanganya. Sasa mtoni pamebaki nguzo mbili za mwisho, na Schubert anamtembeza mbwa mpaka pale kisha wanageuka. Ufunguo bado anao, hajui aupeleke wapi.

Nimefikiria ile ndiyo yako. Jumapili zimepungua ukali. Usijitese nayo, umechelewa wewe, nimechelewa mimi, na basi nalo lilikuwa halipo.

Kibao kimefika. Yule wa gari la mizigo aliuliza akiweke wapi, nikamwonyesha uzio wa bustani, mahali pake pa zamani, kikitazama mto. Akasema, "Bibi, hapa kitaharibika." Nikamwambia, ndiyo kazi yake.

Dalia niliziingiza ndani tangu Oktoba. Alhamisi theluji ikaanguka, nyingi, ya kwanza msimu huu. Niliamka nikaona bustani yote imefunikwa, na kabla sijawaza lolote nilikuwa nimeshashuka chini, nimechukua lile blanketi la kijivu, nimefika mpaka kwenye uzio na viatu vya ndani. Theluji ilikuwa imejaa juu ya kibao kama unga kwenye ubao wa keki. Nilisimama pale na blanketi mikononi. Nikasema kwa sauti, "Siegmar, kinalowa," na wala sikuisikia sauti yangu mwenyewe.

Kisha nikalikunja blanketi, nikarudi ndani, na kibao nikakiacha nje.

Shangazi yako,
Traudel